Al-Biruni: Mwanachuoni Aliyepima Umbali wa Miji kwa Mwezi na Nyota

Ukimwuliza mtu wa Mombasa siku hizi Makka iko mbali gani, atakujibu kwa saa. Atakuambia ni mwendo wa saa tatu u nusu au nne angani, basi. Wazee wetu wa zamani waliulizwa swali hilo hilo wakajibu kwa miezi, maana wao walipanda jahazi, wakangojea kusi iwapeleke, na aliyerudi salama alipokewa kama mtu aliyefufuka. Vyombo vimebadilika, lakini Mombasa haikusogea, wala Makka haikusogea. Basi umbali wenyewe ni upi? Na ni nani aliyeupima bila ya kutazama uchovu wa miguu wala mwendo wa chombo?

Wasomaji wapenzi, katika makala haya nataka kuwaletea maisha ya bwana mmoja aliyetumia sehemu kubwa ya umri wake kulijibu swali hilo. Jina lake ni Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad al-Biruni. Wengi wetu tumelisikia jina hilo likitajwa pamoja na wanavyuoni wakubwa wa Kiislamu wa kale, lakini ni wachache wanaojua hasa alifanya nini. Mimi naona inafaa tumjue, kwa sababu kazi yake inagusa jambo tulifanyalo mara tano kila siku, nalo ni kuelekea kibla.

KUZALIWA NA KUSOMA KWAKE

Al-Biruni alizaliwa tarehe 3 Dhulhija mwaka 362 wa Hijra, sawa na tarehe 4 Septemba 973. Mahali alipozaliwa ni kando ya mji wa Kath, uliokuwa makao ya wafalme wa Khawarizmi, karibu na mto Jayhun ambao sasa huitwa Amu Darya. Sehemu hiyo leo imo katika nchi ya Uzbekistan. Neno birun kwa Kifursi maana yake ni nje, na ndipo akaitwa al-Biruni, yaani mtu wa nje ya mji.

Hakuwa mtoto wa mfalme, lakini alipata bahati kubwa. Alichukuliwa na mwalimu aliyekuwa wa ukoo wa kifalme, Abu Nasr Mansur bin Iraq, bingwa wa hesabu na elimu ya falaki. Abu Nasr alimfunza kijana huyu kila alichokijua, na urafiki wao ulidumu mpaka uzeeni, hata mwalimu akawa anamwandikia mwanafunzi wake vitabu vya kujibu maswali yake.

Kabla hajatimiza miaka 20, al-Biruni alikwisha kuupima mji wa Kath uko juu kiasi gani kutoka ikweta, kwa kutazama jua linapanda kiasi gani adhuhuri. Kipimo hicho ndicho kinachoitwa latitudo. Si kigumu sana kukipata. Hata manahodha wetu waliokwenda Arabuni walijua kwamba kadiri unavyokwenda kaskazini ndivyo nyota ya Jaa inavyozidi kupanda mbinguni. Mwenye kupima urefu wa nyota hiyo, au wa jua la adhuhuri, huijua latitudo ya mahali aliposimama.

Taabu ni kipimo cha pili, longitudo, yaani mji uko mashariki au magharibi kiasi gani kuliko mwingine. Huko mbinguni hakuna nyota ya kukuonyesha jambo hilo. Na bila ya vipimo vyote viwili huwezi kujua umbali wa miji miwili, wala huwezi kujua uelekee wapi ukitaka kuutazama mji ambao macho yako hayauoni.

VITA NA UFUKARA

Mwaka 995, al-Biruni akiwa na miaka 21 tu, vita vilizuka katika nchi yake. Mtawala wa mji wa Gurganj, uliokuwa upande wa pili wa mto, aliwapindua wafalme wa Kath, ambao ndio waliokuwa wakimlea al-Biruni. Kijana akakimbia. Alifika Rayy, karibu na hapo ulipo mji wa Tehran leo, akiwa hana kitu. Yeye mwenyewe ameandika kwamba mjini humo palikuwa na mnajimu mmoja aliyeyadharau maneno yake katika jambo la elimu, kwa sababu tu alimwona ni fukara. Baadaye hali ya al-Biruni ilipotengenea, bwana yule yule akageuka kuwa rafiki. Nadhani hakuna asiyewajua watu wa namna hiyo. Wamo katika kila mji, na wetu pia.

MWEZI ULIPOPATWA

Haukupita muda mrefu akarudi Kath, na hapo ndipo alipofanya jambo ambalo kwangu mimi ni la ajabu kuliko mengi aliyoyafanya.

Huko Baghdad alikuwako mwanachuoni mkubwa wa hesabu, Abu al-Wafa al-Buzjani, mtu mzima aliyekaribia miaka 60. Baina yake na al-Biruni palikuwa na majangwa, milima na mito. Ukivuta mstari ulionyooka kutoka Kath mpaka Baghdad utapata karibu kilomita 1,700. Ndege iendayo kilomita 800 kwa saa ingeumaliza mwendo huo kwa saa mbili na kidogo. Kwa ngamia ilikuwa safari ya wiki nyingi.

Mabwana hao wawili waliagana kwamba mwezi utakapopatwa, kila mmoja autazame katika mji wake na aandike saa. Usiku wa tarehe 24 Mei 997 mwezi ukapatwa. Al-Biruni akautazama akiwa Kath, Abu al-Wafa akautazama akiwa Baghdad, na baadaye wakapelekeana habari.

Hebu tuifikiri hekima ya jambo hili. Mwezi unapopatwa, unapatwa kwa wote walio upande huo wa dunia kwa wakati mmoja. Kivuli kinapouingia, kinauingia kwa mtu wa Kath na mtu wa Baghdad mara moja. Lakini saa zao hazilingani, kwa sababu jua huwatokea watu wa mashariki kwanza. Kwa hivyo aliyeko mashariki ataandika kwamba usiku umekwenda zaidi. Tofauti ya saa hizo mbili ndiyo tofauti ya longitudo ya miji hiyo miwili. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, basi saa moja ni digrii 15, na dakika nne ni digrii moja. Al-Biruni na mwenziwe walipata tofauti ya karibu saa moja. Tukipima leo tunapata saa moja na dakika kama tano. Angalia hapo: hapakuwa na simu, hapakuwa na saa ya mkononi, nao walifika karibu hivyo.

Mwenye ndugu Maskati anaweza kuliona jambo hili mwenyewe. Jua la adhuhuri huwafikia watu wa Maskati kiasi cha saa moja na robo kabla ya kutufikia sisi Mombasa. Saa za ukutani zimewekwa na serikali tofauti ya saa moja tu kwa urahisi wa kazi, lakini jua lina hesabu yake.

KUCHUKULIWA GHAZNA

Baada ya hapo al-Biruni alikwenda kwa mtawala wa Jurjan, Qabus bin Washmgir, na kiasi cha mwaka 1000 akamwandikia kitabu kikubwa juu ya kalenda na sikukuu za mataifa mbalimbali. Kisha akarejea kwao Khawarizmi na kukaa na watawala wapya kwa heshima.

Lakini utulivu haukudumu. Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliivamia Khawarizmi na kuiteka. Sultani huyu alipenda kukusanya wanavyuoni katika mji wake kama vile mtu anavyokusanya johari. Al-Biruni akachukuliwa pamoja na mwalimu wake Abu Nasr, wakapelekwa Ghazna, mji ulioko kusini ya Kabul katika nchi ya Afghanistan. Hakutiwa minyororo, lakini hakuwa mtu wa kwenda apendako. Alikuwa na miaka 44, na kwao hakurudi kuishi tena.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba 1018, tunamkuta katika kijiji kimoja karibu na Kabul kiitwacho Jayfur. Ameandika mwenyewe kwamba alikuwa katika dhiki kubwa na hakuwa na chombo chochote cha kupimia. Mtu mwingine angekaa akalia. Yeye alichukua ubao wa kuhesabia, akaugeuza nyuma, akachora juu yake sehemu ya duara, akaigawa kwa digrii, akatundika uzi wenye timazi kama ile ya waashi, na kwa kifaa hicho akaipima latitudo ya mahali hapo. Mimi kila nikikisoma kisa hiki humwona mbele yangu: mtu aliyenyang'anywa mji wake, amekaa nchi ya watu na ubao mkononi, anataka kujua yuko wapi juu ya uso wa dunia.

KITABU CHA KIBLA

Huko Ghazna akaanza kuandika kitabu alichokimaliza mwaka 1025, ambacho kwa Kiarabu hufupishwa kuitwa Tahdid. Ni kitabu cha kupima mipaka ya mahali na umbali wa miji. Alitaka kujua mambo mengi, lakini alitaka hasa kujua kibla cha mji wa Ghazna kwa hesabu iliyo sawa. Na ndani yake amewajibu watu waliodhani kwamba elimu hizi hazina faida kwa Muislamu. Aliwaonyesha kwamba bila ya elimu hizo mtu hajui hata aelekee wapi katika sala.

Kazi ilikuwa hivi. Palikuwa na wanavyuoni waliokwisha kupima miji ya magharibi, na Baghdad ilijulikana vizuri. Kama angejua Ghazna iko mbali gani na Baghdad upande wa mashariki, kuipata Makka kungekuwa jambo la hesabu tu. Lakini kutoka Baghdad mpaka Ghazna ni mbali, na kuagana tena na mtu juu ya kupatwa kwa mwezi si jambo la kila mwaka. Basi akaigeukia misafara.

Wafanyabiashara walijua kila kituo njiani na idadi ya farsakhi baina ya kituo na kituo. Farsakhi moja ni maili tatu za Kiarabu. Al-Biruni alizikusanya hesabu hizo, lakini hakuzipokea ovyo. Alijua njia haiendi moja kwa moja. Inazunguka mlima, inafuata kisima, inatafuta kivuko. Kwa hivyo alipunguza moja katika sita, na mahali penye njia ngumu akapunguza kwa namna nyingine, ili apate mstari ulionyooka. Kisha, kwa kuwa dunia ni mviringo, akafanya hesabu ya mviringo: akiwa na latitudo za miji miwili na umbali wa baina yake, akaitoa tofauti ya longitudo. Akaenda hivyo mji kwa mji, kutoka Baghdad mpaka Rayy, akapanda mpaka Gurganj, akateremka Balkh, akafika Ghazna. Halafu akarudia hesabu kwa njia nyingine, ya kusini, inayopita Shiraz na Sijistan, ili aone kama jawabu zitakubaliana.

Mwisho akapata digrii 24 na kidogo. Vipimo vya leo vinatoa digrii 24. Kosa lake halikufika nusu digrii. Hesabu yenyewe ilijengwa juu ya maneno ya wachunga ngamia, lakini ilipita mikononi mwa mtu aliyejua kipi cha kupokea na kipi cha kupunguza.

Baina ya Baghdad na Ghazna, mstari ulionyooka ni karibu kilomita 2,220. Msafara uendao kilomita 35 kwa siku, tena kwa njia inayopinda, ungechukua zaidi ya miezi miwili. Ndege ya kilomita 800 kwa saa ingechukua chini ya saa tatu. Na mstari ambao rubani anautafuta ni ule ule alioutafuta al-Biruni: njia fupi kabisa juu ya mviringo wa dunia. Ndiyo sababu ndege itokayo Jedda kwenda New York hupanda kaskazini kupitia Ulaya, ingawa kwenye ramani ya ukutani tungedhani ingekata moja kwa moja Afrika na bahari. Anayetaka kuhakikisha na achukue tufe la dunia na uzi. Mimi nilifanya hivyo, na uzi ukishavutwa ukakazana, maneno yanakwisha.

MLIMA WA NANDANA

Ili kugeuza digrii kuwa maili, lazima ujue ukubwa wa dunia. Zamani, katika karne ya tisa, Khalifa al-Ma'mun alikuwa amewatuma watu wapime jangwani, nao wakapata kwamba digrii moja ni kama maili 56 na theluthi mbili. Al-Biruni alitaka kuhakikisha mwenyewe, lakini hakuwa na khalifa wa kumgharamia wala jeshi la kutembea na kamba jangwani.

Alipokuwa upande wa Hindi akaiona ngome ya Nandana, ambayo leo imo Punjab ya Pakistan. Kando yake pana mlima mrefu, na mbele yake uwanda mpana uliolala sawasawa. Akaupima mlima kutoka chini kwa hesabu ya pembe, akapata dhiraa 652. Kisha akaupanda, akatazama mahali mbingu inapokutana na ardhi, akapima mstari huo umeteremka kiasi gani chini ya usawa wa jicho lake. Alipata dakika 34, yaani zaidi kidogo ya nusu digrii. Kwa vipimo viwili hivyo, na hesabu ya pembe, akautoa ukubwa wa dunia nzima. Jawabu lake lilikuwa karibu maili 56 kwa digrii, sambamba na ile ya al-Ma'mun. Wanavyuoni wa leo bado hawakubaliani dhiraa yake ilikuwa na urefu gani hasa, lakini tukichukua maili ya Kiarabu kuwa karibu kilomita mbili, tunapata kilomita 110 na kitu. Leo tunajua ni 111.

NA SISI WA PWANI

Al-Biruni alijifunza Kisanskriti, akakaa na wanavyuoni wa Kihindi, na kiasi cha mwaka 1030 akaandika kitabu chake mashuhuri juu ya Bara Hindi, bila ya kuwatukana wenyeji wala kuwasingizia. Katika kitabu hicho sisi pia tumo kwa mbali. Ametaja kwamba bandari ya Somnath ilipata umaarufu kwa kuwa ni kituo cha vyombo vilivyosafiri baina ya Sufala, katika nchi ya Zanji, na China. Basi mtu huyu aliyekaa milimani, mbali na bahari yetu, alizijua habari za biashara ya pwani hii miaka elfu moja iliyopita.

Na hesabu yake kwetu sisi ni nyepesi mno. Makka iko digrii 21 na nusu, au pungufu kidogo, kaskazini ya ikweta. Mombasa iko digrii nne kusini yake. Na kwa bahati njema miji hii miwili iko karibu katika longitudo moja, isipotofautiana ila kwa sehemu ndogo ya digrii. Kwa hivyo hatuhitaji mwezi kupatwa wala misafara. Jumlisha nne na 21 na nusu, upate 25 na nusu. Zidisha kwa kilomita 111, upate kama kilomita 2,830. Zigawe kwa mwendo wa ndege wa kilomita 800, upate saa tatu u nusu. Ndiyo maana kibla chetu ni kaskazini hasa, na ndiyo maana wazee wetu walipotaka kutaja upande wa kaskazini walisema tu kibla.

Al-Biruni hakupata urahisi huo. Kutoka Ghazna mpaka Makka ni kama kilomita 3,100, na kibla chake ni magharibi kwa kuteremka kidogo kusini. Sisi tuko karibu na Makka kuliko yeye, tena kwa mstari ulionyooka kama uzi wa timazi. Yeye kibla chake alikitolea jasho la miaka.

MWISHO WAKE

Sultani Mahmud alifariki mwaka 1030, akatawala mwanawe Mas'ud, aliyemtendea al-Biruni wema zaidi. Kwa jina la sultani huyu aliandika kitabu chake kikubwa cha falaki, al-Qanun al-Mas'udi, chenye jedwali la miji kama 600 pamoja na latitudo na longitudo zake. Inasimuliwa kwamba sultani alimpelekea zawadi ya fedha mzigo wa tembo, naye akairudisha, akisema kwamba haihitaji.

Mwaka 1036 alipoorodhesha vitabu alivyokwisha kuviandika, vilikuwa zaidi ya 100. Aliendelea kuandika juu ya vito na juu ya dawa, hata alipopita miaka 80 ya Hijra na macho na masikio yamedhoofika. Wengi husema alifariki Ghazna mwaka 440 wa Hijra, sawa na 1048. Wengine husema aliishi miaka michache zaidi.

Juu ya kufa kwake kuna kisa ambacho wanahistoria wamekipokea kutoka kwa fakihi mmoja aliyemzuru. Fakihi huyo alimkuta roho ikimhangaisha kifuani. Al-Biruni akamkumbusha mas'ala ya mirathi ya mabibi ambayo waliwahi kuyazungumza, akataka amweleze tena. Fakihi akamwonea huruma, akamwuliza kama huo ndio wakati wake. Al-Biruni akamjibu kwamba kuiaga dunia akiwa anayajua mas'ala hayo ni bora kuliko kuiaga akiwa hayajui. Basi fakihi akamweleza, na al-Biruni akayarudia mpaka akayahifadhi. Fakihi akatoka, na kabla hajafika mbali akasikia vilio nyumbani.

Mwenyezi Mungu amrehemu. Watu wa Uzbekistan wameupa mji mmoja jina lake, karibu na huko alikozaliwa, na wataalamu wa falaki wameliita shimo moja la mwezini kwa jina lake. Naona hilo la mwezi limemfaa, kwa sababu ni mwezi huo huo alioukesha usiku wa Mei 997. Na usiku utakapopatwa tena tukauona kutoka pwani yetu, baada ya kuswali sala yake, mwenye jamaa katika mji wa mbali na ampigie simu amwulize huko kwao usiku umekwenda kiasi gani. Huko ndiko al-Biruni alikoanzia.